Uhusiano na Mtoto: Jirani

Kosa la Mwikwabe lilikuwa mwandiko mzuri. Cheka ukitaka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Angekuwa anaandika kama kuku anayepekua jivuni, naibu wa chifu angeijaza ile fomu kwa mkono wake mwenyewe, na pengine leo tungekuwa na hadithi nyingine. Lakini Mwikwabe alisoma mpaka kidato cha tatu, herufi zake zilikaa sawasawa juu ya mstari, na naibu wa chifu siku hiyo alikuwa amesahau miwani nyumbani.

"Kijana, hebu nijazie," naibu akamwambia. Mwikwabe akavuta kiti, akashika kalamu.

Ilikuwa fomu ya kuandikisha mtoto mchanga. Msichana, jina Emmah, aliyezaliwa wiki mbili kabla nyumbani kwa Bibi Robi, huko Kuria, upande wa Kehancha. Jina la mama: Mellen. Hiyo ilikuwa rahisi. Jina la baba: hapo kalamu ikasimama.

Sasa kabla hujaanza kumhukumu mtu, elewa kwanza mambo ya nyumba mboke. Wakuria hawakubali nyumba ife eti kwa sababu Mungu amemnyima mwanamke mtoto wa kiume. Bibi Robi alizaa msichana mmoja tu, Priscah, naye akaolewa akaenda zake Rangwe. Mumewe Robi, Mzee Nchagwa, alikufa mwaka wa tisini na nane. Nyumba ikabaki bila mwenyewe. Basi Robi akafanya kama walivyofanya bibi zake: akatoa ng'ombe, akamwoa Mellen. Hiyo ndiyo nyumba mboke: mwanamke akamwoa mwanamke, na si kwa hayo unayoyawaza, toa akili yako huko. Alimwoa kwa niaba ya mwana ambaye hakumzaa, ili watoto wa Mellen wawe wajukuu wa Robi na wabebe jina la Nchagwa. Mwanamume wa kuwaleta hao watoto huchaguliwa kama unavyochagua fahali, kwa upole wake na afya yake. Watoto si wake. Haitwi baba, haulizwi neno, na siku akiambiwa asije tena, haji.

Aliyechaguliwa ni Mwikwabe, wa boma la tatu kutoka hapo. Umri miaka ishirini na sita, hana mke, hana ugomvi na mtu. Alikubali mbele ya wazee, tena akicheka.

"Niandike nani hapa kwa baba?" akauliza.

"Andika Nchagwa."

"Lakini Mzee Nchagwa alikufa zamani. Mtoto amezaliwa juzi."

"Fomu imeuliza kama yuko hai?" naibu wa chifu akasema. "Soma vizuri. Imeuliza jina. Andika jina."

Akaandika Nchagwa. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya yule anayeleta taarifa. Akaandika Mwikwabe. Halafu: uhusiano na mtoto.

"Na hapa?"

"Kwani wewe ni nani yao?"

Mwikwabe akafikiri. "Ni jirani."

Wakaangaliana, wakacheka mpaka naibu akafuta macho. Mwikwabe akaandika Jirani, kwa wino wa buluu, herufi zimenyooka kabisa. Akaweka sahihi, akaenda kunywa chai.

Haya. Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kuwaambia. Lakini mtoto ni mtoto, ana mikono ya kushika. Mwikwabe alipata kazi Awendo kwenye kinu cha sukari guru, akawa ndiye mchemshaji, yule anayesimama juu ya karai la maji ya miwa na kujua kwa macho tu kwamba sasa yameiva, yamwageni kwenye vibao. Jumamosi, kwa vile yeye na Mellen ni Wasabato, alikuwa akirudi Kuria kwa ibada, na mfukoni ana kipande cha sukari guru amekifunga kwa jani la mgomba. Emmah alikuwa anamwona kutoka barabarani. "Anko! Anko amekuja!" Na yule mwanamume alikuwa anasimama pale akijifanya anatafuta kitu mfukoni, kwa sababu macho yalikuwa yanamchoma.

Mara moja, mtoto akiwa na miaka minne, alimwambia Mellen, "Si tumwambie siku moja? Akikua kidogo?"

Mellen aliweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mpole, lakini kwa jambo hilo alikuwa chuma.

"Tumwambie nini? Mimi si mwongo, Mwikwabe. Mimi nimeolewa. Mtoto wa mke ni wa pale mama alipoolewa, na mimi nimeolewa kwa Robi. Usimharibie mtoto kichwa. Wewe ni Anko."

"Sawa," akasema Mwikwabe. Na akawa Anko. Kila jioni Mellen alimsimamisha Emmah mlangoni akamfundisha kusema: mimi ni Emmah wa Nchagwa, wa nyumba ya Robi. Mtoto alisema kwa sauti kubwa, na Bibi Robi kwenye kigoda chake alifurahi, akapiga makofi. Mwikwabe naye, siku akiwapo, alipiga makofi. Alipenda kuwafurahisha wote, mjinga yule.

Kisha Mellen akaugua. Uvimbe tumboni, ambao alikuwa ameufunga kwa leso na kuuita gesi. Walipomfikisha hospitali mjini Migori, daktari aliwaangalia kwa macho ya mtu aliyechelewa kuitwa. Mwikwabe aliacha karai la miwa wiki tatu, akawa analala kwenye benchi la nje, analeta uji, anafua leso. Wauguzi walimuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Alisema jirani. Mellen akafa Jumatano asubuhi, Emmah akiwa kitandani karibu naye, na Mwikwabe akiwa ameenda kununua uji.

Walimzika kwa Robi, kama mke wa nyumba ile. Macho ya Bibi Robi kufikia wakati huo yalikuwa yameshaziba, hakuweza hata kujua ugali umeiva. Akasema, "Mwikwabe, kaa na huyu mtoto huko Awendo kidogo. Shule iko karibu nawe." Kidogo ya Robi ikawa miaka miwili.

Miaka hiyo miwili ndiyo maisha pekee aliyowahi kuwa nayo yule mtu, nakwambia ukweli. Walikuwa na chumba kimoja nyuma ya kinu. Alijifunza kusuka nywele. Mara ya kwanza mtoto alienda shule kichwa kama shamba lililolimwa na ng'ombe wawili waliokosana, mwalimu akamrudisha. Mara ya tano alisuka vizuri. Alijua Emmah hali utando wa maziwa, na akiogopa anakuna goti. Nguo zake shuleni zilinuka sukari iliyoungua, na watoto wengine walimwita Guru, na yeye hakujali. Akiwa gredi ya tatu, mwalimu alitaka kila mtoto achore mti wa familia. Mwikwabe ndiye aliyechora, si ana mwandiko mzuri? Juu akaandika Bibi Robi na Babu. Chini yao akaandika Baba: Nchagwa, marehemu, jina lile lile la babu, kama kwenye fomu. Mama: Mellen, marehemu. Chini kabisa Emmah. Mtoto akauliza, "Anko, wewe nikuweke wapi?" Akamwambia, "Mimi sina haja ya mti, mimi natosha hapa chini." Emmah akamchora pembeni, amesimama na mwiko mrefu. Mwalimu akampa alama kumi kwa kumi.

Likizo ya Aprili, Priscah akaja kutoka Rangwe. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya soko, anauza nguo za mitumba, wenyeji wa huko wanamwita Nyar Kuria, binti wa Kuria. Si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mnatafuta mbaya wa hadithi, na mtamtafuta sana. Alikuwa amemhamisha mama yake mzee akampangia chumba karibu na soko la Rangwe, kwa sababu mama mkwe hawezi kulala kwenye boma la mkwewe. "Bibi anamtaka mjukuu wake likizo hii," akasema. Mwikwabe akampakia Emmah nguo, akamfungia sukari guru, akamsindikiza mpaka stendi. Shule zikafunguliwa. Emmah hakurudi.

Wiki ya pili Mwikwabe akaenda Rangwe mwenyewe. Akamkuta Priscah kibandani, amezungukwa na marinda.

"Shule zimefunguliwa, Mama," akasema kwa adabu.

"Najua. Ameshaingia shule ya hapa. Amepata hata namba."

"Mimi nilikuwa namlea vizuri."

"Hakuna aliyesema hukumlea vizuri. Asante. Mungu akubariki." Priscah akakunja rinda, akaliweka chini. "Lakini mtoto wa kike ameanza kukua, analala chumba kimoja na mwanamume ambaye si ndugu yake. Watu watasemaje?"

Mwikwabe akahisi damu inampanda. "Priscah, mimi na wewe tunajua mimi ni nani."

"Tunajua. Wazee wanajua. Hata mbuzi wa kijiji wanajua." Akamtazama bila chuki. "Lakini kitanda hakizai haramu, Mwikwabe. Na kitanda kilikuwa cha mama yangu."

Akampeleka kwa Bibi Robi. Kikongwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, Emmah kando yake amemshikia mkono, akimsomea Biblia ya shule ya Sabato. Emmah akaruka, "Anko!" akamkumbatia kiunoni. Bibi akamwambia mtoto akanunue chumvi. Alipotoka, Robi akageuza uso pale sauti ya Mwikwabe ilipokuwa.

"Mwanangu, nilikupa kazi. Ukaifanya vizuri," akasema. "Kazi ile iliisha. Usinifungie mlango wa nyumba yangu. Sina mwingine isipokuwa huyu."

Utamjibu nini mwanamke kama huyo?  Mwikwabe alitoka akatembea kwenye lami kuelekea Homa Bay mpaka miguu ikamwambia inatosha, na hapo ndipo alipouliza mtu ofisi ya watoto iko wapi.

Afisa wa watoto aliitwa Makori, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na moyo mzuri. Alimsikiliza mwanzo hadi mwisho. Halafu akachomoa kitabu.

"Mzee, mbona unaongea kama mtu anayeomba msaada? Katiba inasema mtoto ana haki ya kulelewa na mama na baba wote wawili, wameoana au hawajaoana. Sheria ya watoto inasema hivyo hivyo. Umemzaa, wewe ni mzazi. Hii ni haki yako."

"Haki yangu?"

"Yako kabisa. Na ya mtoto zaidi."

Mwikwabe aliomba arudie. Makori akarudia. Nasikia siku hiyo alirudi Awendo akatabasamu mbele ya karai mpaka akaunguza sukari, jambo ambalo halikuwa limetokea miaka minane. Ni vibaya kumpa mtu tumaini akiwa na njaa yake. Anakula haraka, halafu anakula na maganda.

Kesi ikaandikwa. Jared, mpiga chapa wa nje ya korti, aliweka maombi katika kurasa tatu: mwombaji ndiye baba mzazi, anaomba arudishiwe malezi ya mtoto. Mwikwabe aliisoma ile sentensi ya baba mzazi mara nyingi. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona imeandikwa, na haikuwa kwa mwandiko wake.

Korti ya watoto haina watu wengi. Hakimu alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, asiyependa kelele. Ikaahirishwa mara ya kwanza, ikaahirishwa mara ya pili, miwa ikakatwa, mingine ikapandwa. Mwezi wa Septemba ikasikizwa. Wakili wa Priscah hakuwa na makuu. Alianza na karatasi mbili tu: setifiketi ya kuzaliwa, na nakala ya fomu ile.

"Bwana Mwikwabe, huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Umeshurutishwa kuandika?"

"Hapana."

"Isomee korti hapa, kwa baba."

"Nchagwa."

"Na hapa chini? Jina la mtoa taarifa, na uhusiano wake na mtoto?"

Mwikwabe alisoma jina lake. Kisha akaishusha karatasi. Hakimu akamwambia asome, yuko chini ya kiapo.

"Jirani," akasema.

"Sikusikia."

"Jirani!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Wakili akaita shahidi wa hospitali, akaonyesha kitabu cha wageni wa wodi: jirani. Akaonyesha rekodi ya shule ya Awendo, aliyoijaza Mwikwabe: mlezi, jirani wa familia. Kila mahali alikopita yule mtu alikuwa amejifuta kwa mkono wake mwenyewe, tena vizuri, bila kosa la tahajia. Makori alijaribu. Alisimama akaeleza kwamba mila ndiyo iliyomfanya aandike hivyo, na sheria ya nchi iko juu ya mila. Hakimu akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Halafu akasema anataka kumsikia mtoto, chemba, bila wazazi. Makori alikuwa ndani kwa kazi yake, naye ndiye aliyemwambia Mwikwabe baadaye, akiangalia viatu vyake. Hakimu alimuuliza Emmah anawapenda watu gani. Akasema Bibi, Shangazi, na Anko. Akamuuliza, angependa kuishi wapi? Akasema Awendo, kwa Anko. Hapo Makori alidhani mambo yameiva. Kisha hakimu akauliza, na baba yako ni nani? Mtoto akasimama wima, mikono nyuma, akasema: mimi ni Emmah wa Nchagwa, wa nyumba ya Robi. Na Anko ni nani? Anko ni Anko, akasema. Alikuwa rafiki ya Mama.

Uamuzi ulikuwa wa haki. Laiti ungekuwa wa dhuluma, mtu angekuwa na wa kumlaani. Hakimu alisema hawezi kumnyima baba mtoto wake kwa sababu ya mila, wala hawezi kumpa mtoto mwanamume kwa maneno yake matupu, hasa maneno yanayopingana na mwandiko wake mwenyewe. Kuna kipimo. Mate ya baba, mate ya mtoto, yapelekwe maabara. "Kikisema ni wewe, nitafungua mlango wa malezi, na mapenzi ya mtoto nimeyasikia. Usipopima, sina mahali pa kukushikilia, na maombi yako nitayatupilia mbali. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa."

Nani asingeelewa? Mtihani una swali moja, na jibu unalo mdomoni.

Siku ya kipimo walikutana hospitali Homa Bay, saa nne asubuhi. Mwikwabe alivaa shati la kanisani. Makori alikuja na faili, Priscah akaja na Emmah. Priscah alikuwa amechoka na kesi na alionekana kupungua. Akaenda dirishani kupanga foleni ya karatasi pamoja na Makori, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili mwanamume yule akaachwa na mtoto kwenye benchi moja.

"Anko, umekonda," Emmah akasema.

"Nani atanipikia?"

"Si unajua kupika." Akacheka kidogo, halafu akaacha. Alikuwa anakuna goti. "Shangazi amesema leo wanapima mate wajue mwongo ni nani."

"Mwongo gani?"

"Wewe ama Mama."

Mwikwabe akamtazama. Emmah alikuwa ameangalia sakafu.

"Sikiza, Emmah. Kuna mambo ya watu wakubwa, mama yako hakuwa..."

"Mama hakuwa mwongo," mtoto akasema haraka. "Wewe hukuwa ndani. Ulikuwa umeenda kununua uji. Alinishika hapa," akaonyesha kifundo cha mkono, "akaniambia niseme mimi ni wa nani. Nikasema. Akaniambia tena, nikasema tena. Mara tatu. Akasema, haya, sasa naweza kulala. Halafu akalala." Akakuna goti tena. "Anko, mtu anaweza kudanganya akiwa anakufa?"

Zaidi ya miaka miwili alikuwa amejiuliza Mellen alisema nini asubuhi ile. Alikuwa amejidanganya kwamba pengine alimwita yeye. Sasa amejua.

Alitaka kumweleza. Alifungua mdomo amweleze kila kitu, ng'ombe, wazee, fomu, kwamba mama yake hakudanganya kwa mila na alidanganya kwa damu, na kwamba hayo mawili yanaweza kukaa katika nyumba moja. Yaeleze wewe hayo kwa mtoto wa miaka tisa kwenye benchi la hospitali. Mwikwabe aliona tu kwamba karatasi itatoka maabara, itasomwa, naye atapewa mtoto, na mtoto atarudi naye Awendo akijua kwamba mama yake alimshika mkono saa ya mwisho akamwambia uongo mara tatu. Mellen angekufa tena, na safari hii muuaji angekuwa yeye.

"Hapana," akasema. "Mtu hawezi."

"Kwa hivyo ni wewe?"

Nje mtu aliwasha pikipiki, ikakataa, akawasha tena.

"Ni mimi," akasema Mwikwabe. "Anko alikosea."

Emmah alimwangalia kwa mshangao, si kwa hasira. "Ulikuwa unataka tu nirudi Awendo?"

"Ee."

"Si ungesema tu hivyo," akasema, akampapasa mkono kama mtu mzima anavyompapasa mtoto aliyevunja kikombe.

Mimi ningepima. Nisiwadanganye, nisijifanye mtakatifu. Ningepima, nikasema akikua ataelewa, na kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na nimelea. Makori alimwambia hayo hayo baadaye, tena kwa ukali. Lakini wote wawili hatukukaa kwenye benchi lile.

Mlango wa maabara ukafunguliwa. Muuguzi akatoa kichwa, ameshika kijiti chenye pamba, akasoma karatasi yake haraka haraka. Hakujua chochote. Alisema tu vile watu wanavyosema kila siku katika nchi hii.

"Baba Emmah? Baba Emmah ni nani? Ingia."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Hata mlevi njiani, hata kwa kukosea. Alihisi magoti yanataka kusimama yenyewe, na akayakamata kwa mikono yote miwili.

"Si mimi," akasema.

"Mwikwabe!" Makori akaja mbio kutoka dirishani. "Unafanya nini? Ukikataa leo, imekwisha. Hakimu alikuambia. Hakuna siku nyingine."

"Andika nimekataa."

"Kwa nini?"

 Emmah alikuwa ameshashuka kwenye benchi. Alikimbia ukumbi mzima, viatu vipya vinapiga sakafu, uso wake umenawiri kwa furaha ambayo Mwikwabe hakuwa ameiona tangu wamzike mama yake.

"Shangazi! Shangazi!" alipaza sauti mpaka wagonjwa wakageuka. "Anko amekubali! Mama hakudanganya!"

Priscah akageuka dirishani, karatasi mkononi, akamtazama mtoto, kisha akamtazama Mwikwabe kwa mbali.  Akamshika Emmah mkono. Mtoto akapunga mkono mara moja, akaondoka na shangazi yake kwenda Rangwe, na Mwikwabe akabaki pale mpaka muuguzi akaja kumwambia kwamba benchi lile ni la wagonjwa.